Msaidizi wa tiba: uchambuzi wa kisa cha ukatili kati ya wanaume wawili wapenzi, Pwani ya Kenya

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya washauri nasaha, wauguzi, maafisa wa kliniki na waelimishaji rika wanaohudumia wanaume wanaopenda wanaume. Majina si yao. Mji hautajwi, umri na baadhi ya mazingira vimebadilishwa, na mambo machache yametoka kwa mteja mwingine aliyepitia hali kama hiyo. Makosa ya kliniki hayakubadilishwa. Mimi ndiye niliyekuwa mshauri, na kosa kubwa kuliko yote lina sahihi yangu chini yake.

Usuli

Tumwite Sudi. Ni seremala wa makamo, mrefu, mwenye mikono ya mtu aliyeshika randa tangu utotoni. Aliwahi kuoa, akaachana na mkewe kwa heri, ana mtoto mmoja anayemtumia pesa kila mwezi. Alipoanza kuhudhuria kwetu tayari alikuwa anaishi na virusi vya UKIMWI, na kwa miaka mitatu mfululizo virusi vyake havikuonekana kwenye kipimo. Alikuwa mteja wa kuigwa. Waelimishaji rika walikuwa wakimpeleka kuzungumza na wapya.

Mwenzake tumwite Feisal. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, mwembamba, mcheshi, mwepesi wa maneno. Hakuwa na virusi na alikuwa akitumia PrEP, dawa ya kumkinga asiambukizwe virusi, kutoka kliniki hiyohiyo. Walipanga vyumba viwili katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi wa pamoja. Majirani waliambiwa kwamba ni mjomba na mpwa wake aliyekuja kujifunza useremala. Uongo huo uliwahifadhi miaka miwili, na baadaye ulimgeukia Sudi: kelele ziliposikika usiku, majirani walidhani mjomba anamtia adabu mpwa. Mzee mmoja alimsimamisha Sudi barazani akamsihi asimwonee mtoto wa dadake.

Katika mazungumzo ya vijiweni, hata miongoni mwa wateja wetu wenyewe, Sudi alikuwa "basha" na Feisal ndiye mke. Neno hilo nalitaja kwa sababu lilifanya kazi ndani ya vichwa vyetu bila sisi kujua. Mwenye kusikia "basha" humwona mtu anayepiga. Hamwoni anayepigwa.

Matukio yalivyofuatana

Ishara ya kwanza ilitoka maabara. Kipimo cha kila mwaka kilirudi na nakala zaidi ya 14,000 za virusi kwa mililita. Kwa mtu anayetumia kidonge kimoja cha siku chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, jambo la kwanza la kushuku ni kwamba kidonge hakimezwi, kwa kuwa virusi havijengi usugu kwa urahisi dhidi ya dolutegraviri. Hapo tulikuwa sahihi. Tatizo ni swali tulilolifuatisha. Tulimuuliza, "Kwa nini humezi dawa?" Hatukuuliza dawa ziko wapi.

Tulimpangia vikao vya ushauri wa ziada, kama utaratibu unavyotaka. Kikao cha kwanza alisema anasahau. Cha pili alisema kazi za nje ya mji zimekuwa nyingi. Nilimweleza umuhimu wa kuwa na msaidizi wa tiba, mtu wa karibu wa kumkumbusha, na ikibidi kumchukulia dawa. Alikaa kimya kwa muda, akaangalia mlango, akasema, "Basi mwandike Feisal." Hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyejua kwamba anatumia dawa hizo. Niliandika jina, nikaongeza pembeni: "Ushirikiano mzuri wa wenza."

Tangu siku hiyo Feisal ndiye aliyekuja kuchukua dawa, za miezi mitatu kwa mara moja. Alikuja mara mbili, akatia sahihi, akatania na wauguzi. Simu ya Sudi tulipoipiga aliipokea yeye. Kikao cha tatu Sudi alihudhuria lakini hakusema lolote zaidi ya ndiyo na sawa. Alikuwa amepungua uzito. Kipimo cha marudio kilikuja kwa nakala zaidi ya 38,000, nasi tukaanza kujadili kupima usugu wa virusi.

Kulikuwa na ishara nyingine, kila moja ikiwa kwenye ukurasa wake wa faili na hakuna aliyezisoma pamoja. Jeraha la moto begani: "chai ilimwagika." Usaha wa njia ya mkojo uliotibiwa na kurudi mara mbili, kwa kuwa mwenzake alikataa kutibiwa. Kukosa usingizi. Pombe, kwa mtu ambaye hakuwa mnywaji. Fomu yetu ya uchunguzi wa ukatili ilikuwa na swali moja tu: je, umewahi kupigwa au kunyanyaswa na polisi, majirani au watu mtaani? Alijibu hapana, na kwa swali lile alisema kweli.

Kisha ikaja asubuhi moja ya Jumanne. Sudi alifika kabla ya milango kufunguliwa, mkono wa kushoto umefungwa shati. Alikuwa na mkato mrefu kwenye kigasha. Alisema alipigwa ngeta, yaani kukabwa shingo, na vibaka akitoka kazini. Muuguzi aliyemshona ni mama wa makamo ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi wodi ya majeruhi. Alisikia sauti ya Sudi imekwaruza. Akamwomba ameze mate, akaona anavyokunja uso. Akamfungua kola. Akatutoa sote chumbani, mlango akaurudisha.

Baadaye, kwa ruhusa ya Sudi, alitusimulia. Hakumuuliza kama kuna tatizo nyumbani. Alisema, "Mwanangu, mwizi hukaba kwa mkono na kukimbia. Hii alama ni ya kitambaa, na imekaa. Nani kakukaba?"

Sudi alimjibu, "Mama, nitamwambia nani kwamba nakabwa na kijana ambaye nikimpuliza anaanguka?"

Alikuwa amelala. Feisal alimzungushia kikoi shingoni kutoka nyuma baada ya ugomvi wa simu, akakaza mpaka macho yakaingia giza. Alipozinduka alikuta amejikojolea. Alipojaribu kuinuka alichomwa kwa patasi yake mwenyewe. Dawa zilikuwa kwenye sanduku la bati lenye kufuli, na ufunguo ulikaa kiunoni mwa Feisal. Sudi alipewa kidonge siku alizokuwa "mtiifu". Namba ya siri ya M-Pesa alikuwa nayo Feisal. Na juu ya yote kulikuwa na picha: kadi ya kliniki, na nyingine ya wawili hao kitandani. "Nitakuanika," ndilo neno alilolirudia Sudi mara nyingi kuliko ngumi, kuliko patasi. "Aliniambia atanianika mpaka mama yangu anikane."

Maamuzi, na sababu zake

Tulianza na shingo. Mkato ulitisha macho, lakini aliyekabwa hadi kupoteza fahamu na kujikojolea yumo hatarini hata kama anatembea na kuzungumza. Mshipa mkubwa wa damu shingoni unaweza kuchanika ndani na kuleta kiharusi siku kadhaa baadaye, na koo linaweza kuvimba taratibu. Alipelekwa hospitali kubwa akaangaliwe usiku kucha. Barua ya rufaa ilibishaniwa. Mwenzangu mmoja alitaka iandikwe "ajali kazini" ili kumkinga na maswali. Afisa wa kliniki alikataa, kwa sababu daktari anayeambiwa ajali ya patasi hatapima shingo. Tuliandika: ameshambuliwa, amekabwa kwa kitambaa, alipoteza fahamu. Mshambuliaji hakutajwa. Kila neno lilikuwa la kweli.

Baada ya kurudi, muuguzi alimuuliza peke yake kuhusu ngono ya kulazimishwa. Jibu lilikuwa ndiyo, zaidi ya mara moja, mara ya mwisho siku nne nyuma. Dawa za PEP, za dharura za kuzuia maambukizi ya virusi, zinazopaswa kuanza ndani ya saa 72, hazikumhusu kwa kuwa tayari anaishi na virusi. Magonjwa mengine ya zinaa yalimhusu, na homa ya ini aina ya B. Tulipima na kutibu. Alielezwa fomu ya huduma baada ya kubakwa, akaikataa.

Polisi lilikuwa suala gumu zaidi. Tulimwita msaidizi wa kisheria, na tukamwekea Sudi mambo mezani bila kuyapaka rangi. Kifungu cha 162 cha Kanuni za Adhabu za Kenya bado kinaadhibu ngono kati ya wanaume kwa kifungo cha hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Upande wa pili, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haisemi kwamba anayebakwa lazima awe mwanamke. Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inawahusu pia watu wanaoishi nyumba moja, hata kama si mke na mume. Na hofu yake kubwa, kwamba polisi watampeleka kupimwa njia ya haja kubwa kwa nguvu, ilikuwa na jibu: Mahakama ya Rufaa ikikaa Mombasa iliamua tarehe 22 Machi 2018 kwamba vipimo hivyo vya kulazimisha ni kinyume cha katiba, katika kesi ya wanaume wawili waliokamatwa Kwale. Angeweza kuripoti kuwa ameshambuliwa na mtu anayeishi naye, akapewa fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari kuhusu majeraha, na asiseme zaidi.

Alisikiliza yote. Akauliza, "Na Feisal akiulizwa, naye atanyamaza?" Hatukuwa na la kujibu. Hakwenda polisi, nasi hatukumsukuma. Tulichora majeraha kwenye ramani ya mwili, tukapiga picha kwa idhini yake, zikafungiwa kabatini. Hakuna hata moja iliyobaki kwenye simu ya mtu. Akibadili nia mwaka ujao, ushahidi upo.

Nyumba za hifadhi tulizopigia zilikuwa za wanawake na watoto. Moja ilituuliza kama tumekosea namba.

Kwa hiyo mpango wa usalama ulijengwa kwa vitu alivyokuwa navyo. Alikuwa na dada mji mwingine, asiyejua lolote. Alikuwa na fundi mwenzake wa kuaminika. Na alikuwa na vifaa vyake vya kazi, ambavyo alikataa katakata kuviacha. Mimi niliona ni ukaidi wa kuhatarisha maisha kwa ajili ya misumeno. Muuguzi akanikumbusha kwamba seremala asiye na randa atarudi kwa mwenye randa. Fundi mwenzake akaja na mkokoteni mchana, Feisal akiwa hayupo, akasema kuna kazi ya hoteli. Laini ya simu ilibadilishwa, namba ya siri pia. Dawa zilitolewa upya kwenye chombo kisicho na maandishi, akiba ya wiki mbili ikabaki kliniki. Dada aliambiwa: nimegombana na mpangaji mwenzangu, nimeumizwa, naomba pa kulala.

Kuhusu kuanikwa hatukumdanganya kwamba hakutatokea. Tulikaa naye tukapanga: picha ikifika, itamfikia nani kwanza, atasema nini, nani atakuwa upande wake. Alichagua kutomwambia dada mapema. Lilikuwa chaguo lake.

Matokeo

Aliondoka, na wiki tatu baadaye akarudi kwa Feisal. Alikaa siku tisa. Tulijua kwa sababu alipita kuchukua dawa za akiba, akiona haya, akitarajia kukemewa. Muuguzi alimpa dawa, akamuuliza anataka tubadilishe nini kwenye mpango. Siku ya kumi aliondoka tena, na hajarudi.

Picha zilitumwa. Zilimfikia shemeji. Kaka yake mmoja hasemi naye mpaka leo. Dada alimpigia akalia, akamkaripia, kisha akamuuliza kama amekula. Mama hakuambiwa, au pengine anajua na amechagua kunyamaza, kama wanavyojua mama wengi wa huku kwetu.

Miezi sita baada ya ile Jumanne virusi havikuonekana tena, kwa kidonge kilekile. Hakukuwa na usugu wowote wa kutafuta. Alama zake kwenye dodoso la sonona zilishuka kutoka 17 hadi 8. Sauti ilichukua muda mrefu kurudi. Kwenye faili, mbele ya "msaidizi wa tiba", jina la Feisal limekatwa kwa mstari mmoja, na kwa mwandiko wa Sudi mwenyewe pameandikwa "mwenyewe".

Uchambuzi

Tulimkabidhi fisi bucha. Hakuna njia nyingine ya kulisema. Utaratibu wa msaidizi wa tiba umeokoa watu wengi, na sina nia ya kuutupa. Lakini unadhania kwamba wa karibu ndiye wa salama. Kwa mwanamume anayeficha mambo mawili kwa pamoja, virusi na mapenzi yake, wa karibu mara nyingi ni mmoja tu, na huyo mmoja ana ufunguo wa kila kitu. Sudi alipoangalia mlango kabla ya kutaja jina alikuwa ananijibu. Mimi nilikuwa nangoja kujaza nafasi kwenye fomu. Nilipaswa kumuuliza kwanza: nani asiyepaswa kujua dawa zako zinakaa wapi?

Fomu ilituangusha kwa namna nyingine. Ukatili tuliojifunza kuutafuta kwa wateja hawa ulikuwa wa nje: askari, majirani, vijana wa mtaani. Upo, na ni mwingi. Lakini uchunguzi wa kitaifa wa Marekani wa 2010 ulikuta kwamba asilimia 26 ya wanaume mashoga, na asilimia 37.3 ya wanaopenda jinsia zote mbili, waliwahi kubakwa, kupigwa au kuandamwa na mpenzi. Kwa wanaume wanaopenda wanawake ilikuwa asilimia 29. Takwimu hizo si za Kenya. Nazitaja kwa sababu zinavunja dhana niliyokuwa nayo, kwamba wenza wanaoonewa na dunia nzima hawawezi kuoneana. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba wanaume wa kundi hili waliofanyiwa ukatili na wenza wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na sonona, kutumia vileo, kufanya ngono bila kinga na kuishi na virusi. Tazama faili la Sudi: yote yalikuwamo, kila moja likitibiwa kivyake.

Lugha nayo ina lawama. "Basha" na "mke" ni maneno ya kitandani, na hata huko hayasemi kweli kila mara. Hayaonyeshi nani ana nguvu katika nyumba. Mwenye misuli alikuwa na zaidi cha kupoteza: karakana, jina, mtoto, mama. Aliyekuwa na kidogo cha kupoteza ndiye aliyeshika picha. Mwelimishaji rika mmoja alisema hata baada ya kuona shingo, "Hao hupigana tu." Ni kweli Sudi aliwahi kumsukuma Feisal akaangukia meza. Tunapopima, hesabu ya makofi haisaidii sana. Tunauliza nani anamwogopa nani, nani amebadilisha maisha yake ili mwingine asikasirike, nani ameacha kupokea simu yake mwenyewe.

Lililofanya kazi zaidi lilikuwa sikio la muuguzi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya huduma ya kwanza kwa waathirika inasema: sikiliza, uliza mahitaji, amini na thibitisha, ongeza usalama, unganisha na msaada. Iliandikwa kwa ajili ya wanawake, na haikuhitaji kubadilishwa neno. Muuguzi hakuwahi kuisoma. Alijua alama ya kitambaa, alijua kufunga mlango, na alipoambiwa hakushangaa. Kutomkemea aliporudi kwa Feisal kulikuwa na uzito uleule. Siku za kuondoka ndizo zenye hatari kubwa, na anayeondoka mara nyingi huondoka zaidi ya mara moja. Tungemkaripia siku ile, dawa za akiba zingebaki kabatini na yeye kwenye sanduku la bati.

Kimoja hakijatatuliwa. Feisal alikuwa mteja wetu pia. Alipomficha Sudi vidonge alikuwa anajiweka hatarini mwenyewe, kwa sababu mtu ambaye virusi vyake havionekani haambukizi kwa ngono, na Sudi hakuwa tena mtu huyo. Siku tulipojua, tulifuta jina lake kwenye faili la Sudi na tukakubaliana kwamba mshauri mwingine amwite, bila kugusia yaliyosemwa, aendelee na PrEP na apimwe. Kila mmoja alidhani mwenzake amempigia. Ukweli ni kwamba hatukutaka kumwona. Kulikuwa na hasira chumbani, yangu ikiwemo, nasi tukaiita usalama wa mteja.

Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake, vituo vingi vya aina yetu Kenya vilifungwa au huduma zake zikahamishiwa hospitali za umma. Mafaili yetu yalibebwa kwa maboksi. La Feisal nililiona nikiyapanga. Ukurasa wa mwisho ni miadi ya PrEP ambayo hakuhudhuria, wiki moja baada ya ile Jumanne, na mahali pa kuandika aliyemfuatilia pako wazi.